Mbuzi Wanaolala Kwingine

Chiungutwa, Masasi
2 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Optatus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Alfredi wa bodaboda hataikunja mara nne kama ile ya Pasaka. Mimi sijambo hapa kwa Mama Mkubwa Yuliana. Dada yako anakusalimu sana. Anasema masikio yako yakikataa simu ni sawa, lakini miguu yako isikatae njia, maana hajakuona tangu msimu wa korosho.

Mjomba, ile kazi nimeipata. Ni mkataba wa miezi sita, lakini nimekaa miaka mitatu na cheti changu cha kilimo kikiliwa na mende, kwa hiyo hata miezi sita naishukuru. Kazi yenyewe ni kukadiria gesijoto zinazotoka kwenye mifugo na mashamba ya Masasi na Newala. Najua umeshaanza kucheka, ngoja nikueleze taratibu kama ulivyokuwa ukitueleza sisi darasa la tatu. Mbuzi na ng'ombe wakicheua, tumboni mwao kunatengenezwa gesi, nao wanaibeua. Gesi hiyo inapanda na kuzidisha joto duniani. Lundo la samadi nalo linatoa gesi yake. Mbolea ya chumvichumvi inatoa, na majani ya mikorosho tunayofagia na kuchoma yanatoa pia. Hatuwezi kumfunga kila mbuzi mfuko mdomoni, kwa hiyo tunahesabu mbuzi halafu tunazidisha. Mbuzi mmoja anakadiriwa kutoa kama kilo tano kwa mwaka. Ukikosea idadi ya mbuzi, umekosea kila kinachofuata.

Mimi nimepangiwa Chiungutwa na Chiwata. Kitangari atakuja mwenzangu wa kazini anayeitwa Godwin, kijana wa Masasi. Naomba umpokee, kwa sababu ukimpokea wewe majirani hawatamfukuza. Ni mtu mwenye adabu.

Mpwa wako akupendaye,
Severina


Chiungutwa, 2 Juni

Godwin,

Simu yako haipatikani tangu Jumamosi, kwa hiyo nakuwekea kikaratasi hiki ndani ya bahasha ya madodoso. Nyumba ya Mjomba Optatus ni ile ya bati jekundu kabla hujafika kanisani. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Na kwetu unajua mwenyewe, kama kwenu: baba anaweza kukubali mpaka achoke, mjomba asipokubali hakuna ndoa.

Ndiyo maana nikaomba upewe Kitangari wewe. Nataka akuone kwanza ukiwa mtu wa kazi kabla hajakuona mtu wa kuja kunichukua. Usimwambie lolote kuhusu sisi. Hesabu mbuzi wake, kunywa chai yake, aga, ondoka. Nitamwambia mwenyewe. Simama mbele yake ukiongea, anasoma midomo. Na usipaze sauti, hapendi kupigiwa kelele kama yuko ng'ambo ya bonde.

S.


Kitangari, Newala
7 Juni 2025

Mpwa wangu Severina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilifuta miwani kwanza, nikidhani sikuona vizuri. Kumbe ni kweli kabisa. Nimemsomesha mtoto wa dada yangu mpaka chuo, na sasa anahesabu mbweu za mbuzi.

Jana nilikwenda bandani kuwasikiliza wakibeua. Nilikaa nao mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni kiziwi.

Nina hoja moja ya kimwalimu. Mikorosho yangu inavuta hewa mchana kutwa, tangu enzi za bibi yako. Hiyo iko ukurasa gani wa dodoso? Na hao wenye ndege na viwanda, nao mnawatembelea na futikamba? Lakini hesabu ni hesabu, sitaikataa kwa kuwa imeanzia kwangu. Aje huyo Godwin. Jirani yangu Bwanali anaeneza habari kwamba mnataka kutoza ushuru wa pumzi. Nimemwambia pumzi zake hazifikii kiwango.

Nyumbani hatujambo wote. Agatha amesharudi kutoka Mtwara alikokwenda kulea wale mapacha wa binti yetu, anakusalimu. Kula vizuri. Usiwe unashinda na karanga tu mchana kutwa halafu unasema umeshiba.

Halafu jambo lingine. Unaniandikia kwamba Godwin ni mtu mwenye adabu. Nilifundisha shule moja na mwalimu Hamudi miaka ishirini, sikuwahi kumwandikia mtu barua juu ya adabu yake.

Mjomba wako,
Optatus


Newala mjini
15 Juni 2025

Severina,

Nimetoka Kitangari nikiwa mzima. Mjomba wako amenipa chai na ming'oko, vile viazi vya porini, na kwa kila swali langu moja ameniuliza yeye matatu. Nimejaza hivi: mbuzi thelathini na mmoja, watu saba katika kaya, mbolea ya dukani hatumii, majani ya mikorosho hachomi. Amenipeleka mwenyewe kwa majirani, na watu walionifungia milango asubuhi, mchana walinipa viti. Kwa hilo peke yake ningemfanyia kazi bure.

Sasa nikuungamie. Bandani sikuingia. Najua dodoso linataka mdadisi aone mifugo kwa macho yake. Nilisimama pale na kalamu, nikamtazama yule mzee, nikajiuliza nitamwambiaje mjomba wa mchumba wangu, hebu nione kama husemi uongo. Kwetu Wamakua mkwe hachunguzwi. Nikaandika alichosema, nikapima lundo la samadi kwa kuwa liko nje, nikafunga daftari. Na kwa majirani zake ikawa hivyo hivyo, maana alikuwa amesimama pembeni yangu.

Wakati wa kuondoka niliona pipa lake la maji halina kitu. Nikachukua baiskeli yake nikateremka bondeni kuleta madumu mawili. Niliporudi aliniomba nisikwambie jambo moja. Si jambo la aibu. Lakini nimemwahidi, usinilazimishe.

Nimekumbuka sauti yako wiki nzima.

Godwin


Chiungutwa, Masasi
4 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara mbili.

Ofisini Masasi wamelinganisha idadi ya mbuzi na vipimo vya samadi. Lundo lako linaonyesha mbuzi wanne, tukikazana sana watano. Dodoso linasema thelathini na mmoja. Nyumba kumi na nne za Kitangari ziko vivyo hivyo, mbuzi wengi na samadi kidogo. Msimamizi wetu Bi. Rahima anasema jibu ni moja tu: Godwin alikaa kivulini akapika takwimu. Amemsimamisha kazi. Asipopata maelezo kabla ya tarehe kumi na tano, jina lake linaondolewa, na ukishaitwa mpika takwimu hakuna mradi mwingine utakaokupa hata kalamu ya kushika. Godwin hajitetei. Anasema tu kwamba aliandika alichoambiwa, na hataki kumlaumu aliyemwambia.

Mjomba, nakuuliza nikiwa nimepiga magoti. Una mbuzi thelathini na mmoja kweli?

Na kuna jambo nililokuficha. Godwin ndiye anayetaka kunioa. Nilimtuma kwako kwa hila, nikitaka umpende kwanza ndipo nikwambie. Kwa ujanja wangu nimempeleka mchumba mahali palipohitaji mdadisi. Hakuthubutu kuchungulia bandani mwako kwa sababu ni wewe. Kwa hiyo kosa ni langu, na anayelipa ni yeye.

Nampenda sana. Wewe pia nakupenda, wewe ulinibeba mgongoni mpaka hospitali ya Newala nilipovunjika mguu, na siwezi kukaa nikichagua nani kati yenu awe mwongo. Naomba unijibu upesi. Alfredi nimemwambia asubiri hapo hapo mpaka umalize kuandika.

Severina


Kitangari,
S.L.P. ya Parokia, Newala
5 Julai 2025

Kwa Msimamizi wa Mradi,
Masasi.

YAH: MBUZI WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa korosho na muhogo, kiziwi wa masikio yote mawili lakini si wa akili.

Nina mbuzi thelathini na mmoja. Anayesema nina wanne tu amekosea, na anayesema kwangu wanalala thelathini na mmoja amekosea pia. Wanne wako hapa Kitangari. Tisa wako kwa dada yangu Yuliana, Chiungutwa. Kumi na mmoja wako Chiwata kwa dada yangu Flora, mama yake Severina ambaye ni mfanyakazi wako. Saba wako Newala kwa mdogo wetu Agnes. Kwetu mali ya ukoo iko chini ya mjomba, naye anaitunza kwa niaba ya watoto wa dada zake. Mbuzi hawakai zizi moja, kwa sababu ugonjwa ukiingia unamaliza wote, na kwa sababu kila dada anahitaji samadi ya bustani yake. Ukiniuliza nina mbuzi wangapi, siwezi kuwakana wale kwa sababu tu wamelala Chiwata.

Nimepita leo kwa majirani zangu wote kumi na wanne. Wote ni wajomba wa watu, na wote walijibu kama mimi. Dada zetu nao, walipoulizwa huko waliko, bila shaka walitaja mbuzi walio mbele ya macho yao. Hapo kila mbuzi ameandikwa mara mbili, mara moja kwa kaka na mara moja kwa dada, na huku kwetu tumebebeshwa gesi ya mbuzi ambao hawajazaliwa. Hakuna aliyedanganya. Dodoso liliuliza tuna wangapi, tukajibu tuna wangapi. Lingeuliza ni wangapi walilala hapa jana, tungejibu hilo.

Kijana Godwin aliandika kwa usahihi nilichomwambia. Hakuingia bandani kwa sababu alinionea haya. Mfundisheni kukagua mabanda, lakini haya hiyo naomba mwachieni.

Nipo tayari kuja Masasi kwa maelezo zaidi, mradi anayenihoji akae mbele yangu na asiwe mwenye sharubu nene, maana midomo yake sitaiona.

Wako katika hesabu,
Mwl. Optatus


Kitangari
5 Julai 2025

Severina mwanangu,

Marahaba. Alfredi amekula mbaazi zangu zote akisubiri, kwa hiyo hana haraka, nami sina. Barua ya ofisini ndiyo hiyo, haijafungwa, isome kwanza halafu uipeleke mwenyewe.

Umenificha nini? Nilijua tangu siku ile. Mdadisi hachoti maji ya mwenye nyumba. Huyo wenu aliteremka bonde lote lile na baiskeli isiyo na breki, akarudi ametota jasho, na hata kukaa mbele yangu akawa hataki mpaka nimwambie mara tatu. Nikasema moyoni, huyu hajaja kuhesabu mbuzi.

Sasa barua yako imenifanya nirudie dodoso langu lote kwa sheria yenu, ya nani yuko na nani hayuko. Kama Godwin anaumia kwa ajili ya namba zangu, namba zangu ziwe safi.

Mbuzi ni wanne. Majani ya mikorosho nachoma, kila mwaka, chungu kwa chungu. Nilimwambia sichomi kwa sababu nilijua karatasi itafika kwako, na nilitaka ufurahi. Mbolea ya dukani kweli situmii, hapo usinitilie shaka.

Watu nilimwambia saba. Nilijihesabu mimi, Agatha, wewe na wadogo zako wanne. Wanaolala hapa ni mmoja.

Agatha hajarudi. Yuko Mtwara tangu Februari. Pacha mmoja anaumwaumwa na binti yetu hana mtu mwingine wa kumsaidia, nami ndiye niliyemwambia asirudi mpaka mtoto apate nguvu. Nilikuandikia kwamba amerudi kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi yako uje kunisongea ugali, na kazi hiyo umeisubiri miaka mitatu. Godwin aliona. Aliona kikombe kimoja mezani na pipa kavu. Nilimwomba asikwambie, na hakusema, hata alipokuwa anafukuzwa kazi na neno hilo moja lingeonyesha kwamba alifika kweli hapa. Sasa adabu yake naijua mimi mwenyewe, huna haja ya kuniandikia tena.

Lakini usidhani nilisema saba ili nionekane tajiri wa watu. Mtu akiniuliza nina nani nyumbani, sihesabu sahani. Wewe umeondoka hapa na begi la shule, wadogo zako wametawanyika Dar na Mtwara, na mimi kila jioni nikifunga mlango bado nawataja nyote kwa majina, wewe wa kwanza. Sikujua kuna watu wanaona hilo ni kosa la hesabu.

Mchana nina kazi zangu, sijambo. Jioni ndiyo ngumu. Kiziwi akiwa na mtu ndani ya nyumba hujua, sakafu humwambia, mlango ukifunguliwa upepo humgusa. Huku kwangu upepo haunigusi. Nimekwambia kwa sababu umeniuliza ukweli, siyo ili ulie.

Kuhusu ndoa, nimekubali. Mama yako nitamwandikia mimi. Godwin aje na wazee wake kwa utaratibu wote, nami nitakaa kwenye kiti changu nijifanye sijawahi kumwona.

Mjomba wako,
Optatus


Chiungutwa, Masasi
17 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Godwin amerudi kazini tangu Jumatatu. Bi. Rahima alisoma barua yako akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akatoa madodoso yangu ya Chiungutwa na kuuliza ni nani aliyeandika mbuzi tisa kwa Yuliana. Ni mimi, Mjomba. Mama Mkubwa aliniambia kwa kinywa chake, hao ni wa kaka Optatus, nami nikaitikia kwa kichwa nikaandika ni wake, kwa sababu walikuwa wanakula matandu mbele yangu. Mimi mtoto wa huku huku, niliyekulia nyumbani kwako, sikuona. Tumekaa siku mbili tukipanga upya, kaka na dada, zizi kwa zizi, na Kitangari peke yake imepungukiwa zaidi ya nusu ya mbuzi wake. Gesi iliyokuwa imeandikwa juu yenu imefutwa. Vijiji vyote vitaulizwa tena, na swali limebadilika. Sasa tunauliza ni wangapi walilala hapa jana, na la pili, ni wa nani. Hilo la pili Bi. Rahima amesema liitwe swali la mwalimu.

Godwin anakushukuru. Alitaka kuandika mwenyewe, akaanza "Mheshimiwa Mjomba", akaishia hapo, akatoka nje.

Lakini ile namba moja uliyoandika, nilipoifikia nilikaa chini pale pale barabarani, na Alfredi akadhani kuna msiba. Nililia, ingawa ulinikataza. Mama Mkubwa nilipomsomea alilia pia, halafu akakukasirikia, na tangu wakati huo anatwanga muhogo wa kukuletea kama anayemtwanga mtu. Umenidanganya tangu ile barua ya Juni, Mjomba. Nimekusamehe, ila sijamaliza kununa.

Nimeomba tubadilishane vituo. Godwin atarudia Chiungutwa, mimi nitarudia Kitangari na vijiji vya jirani mpaka mkataba uishe, na mpango wa baada ya hapo tutaupanga pamoja, mimi na yeye. Amesema kwa hiari yake kwamba zamani mwanamume alihamia upande wa mke, na yeye haoni kibaya katika jambo hilo. Nimemwambia asiseme tena mpaka wazee wake wawepo.

Nakuja Jumatatu na begi langu lote. Dodoso la nyumba yako nimelijaza huku huku, kwa wino, kinyume cha kanuni zote za kazi, na Bi. Rahima akiniuliza nitajibu. Mbuzi wanne. Majani anachoma, ataelekezwa. Watu waliolala hapa jana: wawili.

Severina wako